Nguo ya Ujane Isiyo na Maiti

Jumapili, 11 Agosti

Nimeshindwa tena. Wifi Gaolebale kapatia, mimi nimekosa, Seipati kakosa mpaka aibu. Mimi nilisema muuaji ni mchungaji. Mchungaji mwenyewe kaokotwa leo kwenye lundo la mgodi, miguu mitupu, viatu vyake vimeoshwa na kupangwa kando. Muuaji gani anajiua halafu anajioshea viatu?

Sheria ya kundi letu la tamthilia ya Changarawe ni kutabiri kwenye simu kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukichelewa, hesabu ulinyamaza. Wifi alikuwa ameandika tangu saa kumi: mchungaji anakufa leo. Kwa nini? Kwa sababu wiki iliyopita alicheka. "Humo ndani ya Changarawe, anayecheka kwa meno yote hamalizi wiki mbili," kasema. "Mwandishi yule humlisha mtu keki kwanza, ndipo amchinje." Nimekumbuka nyuma — kweli! Muuza mafuta alicheka, kafa. Msichana wa benki alicheka, kafa.

Wiki ya saba mfululizo anapatia. Tunamwita Kamishna na yeye anaitika.

Seipati, yule wa duka la dawa, ana maoni juu ya kila kitu. Anasema yeye hajali nani kafa, anapenda picha zinavyopigwa. Kamera haiingii chumbani. Inabaki mlangoni, tunasikia tu maji yanachuruzika, na muziki umekatika. Nikamwambia mimi nataka kuona. Akasema ndiyo maana kila wiki unakosa, unatazama kwa macho tu. Mjomba — mjomba wake mume wangu, miaka sabini na sita, mgeni kundini tangu Juni — akatuma picha ya mbuzi wake. Hajui kufuta.

Mimi nampenda Inspekta Moroka. Mwanamke wa mwili kama mimi, bastola kwapani upande wa kushoto, na mume anayempikia. Mwalimu Onthatile huyo! Wifi ndiye anayempenda kupita wote. Tangu afiwe, miaka minne sasa, sijamsikia akimsifu mwanamume yeyote ila huyo, na huyo hayupo duniani.

Mume wangu Tshenolo kapiga kutoka Upington, lori linapakia zabibu kavu za kwenda Walvis Bay. Salamu hakuna, kaniuliza nani kafa. Nikamwambia. Akawatangazia madereva wenzake hapo hapo, nikasikia makelele.

Jumatatu, 12 Agosti

Oarabile kaja mchana na mfuko mweusi. Huyu binti yangu ana miezi mitano sasa ni msaidizi wa mavazi huko huko Changarawe — wanapigia picha kwenye migodi ya zamani, mwendo wa robo saa kutoka hapa. Kazi yake ya kwanza yenye mkataba. Kafunga mlango. Kafunga na dirisha.

Mwisho wa tamthilia umevuja, gazeti moja limeupata. Basi wameubadilisha, na wiki ijayo wanapiga upya sehemu ya mwisho. Kila mtu katia sahihi karatasi mpya: neno likitoka kwako au kwa mtu wako, kazi huna, na kampuni nyingine haitakugusa. Fundi wao mkubwa kalazwa. Oarabile akawaambia, mama yangu anashona na anajua kunyamaza. La kwanza ni kweli.

Nikatia sahihi juu ya cherehani.

Ndipo akatoa kitambaa. Bluu iliyokolea, karibu nyeusi. Gauni refu, joho fupi la mabegani, kitambaa cha kichwa. Sikuhitaji kuelezwa. Nguo za ujane. Na kwenye karatasi ya vipimo, pembeni: kwapa la kushoto lipanuliwe, kuna bastola. Mfuko mdogo ndani ya bitana, nyuma kiunoni, wa kuwekea mtambo wa kipaza sauti.

Bastola. Kwapani. Kushoto. Ilibidi nikae.

Mwalimu anakufa! Mwalimu wetu, mwenye aproni yake ya maua!

Naandika hapa kwa sababu nisipoandika nitapasuka. Daftari hili linakaa kwenye kopo la vifungo, na nyumba hii mwenye shida ya kifungo huniita mimi.

Jumatano, 14 Agosti

Kundi linawaka moto. Seipati kaja na hoja mpya: muuaji ni Mwalimu. Ushahidi — kila sehemu tunamwona anaosha vyombo. Mikono yake haitoki majini. Na viatu vya maiti huoshwa na nani? Hoja si mbaya, lazima nikiri. Wifi kachemka. "Mwanamume akiosha sahani mbili tu mmeshamfanya muuaji. Wenu hawaoshi, mbona hamuwashtaki?" Seipati kasema mwandishi hodari huficha kitu mahali pa wazi. Wifi kasema na mjinga naye huona kitu mahali pasipo na kitu.

Mimi nikaandika, nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Mara nne. Kujua ni adhabu jamani. Wiki saba nimekosa, na sasa ninayo kweli yenyewe, iko kwenye meza imejaa pini!

Joho linanisumbua begani. Halilali vizuri. Kwetu nguo hizi hushonwa na wanawake wa upande wa mume, wakiongea chini chini, mjane mwenyewe yupo kwenye godoro chumba cha pili. Sijawahi kuishona peke yangu huku redio inaimba.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimefanya upumbavu.

Mwigizaji hana nafasi ya kuja kupimwa. Oarabile alishaniambia, Mama, umbo lake na lako ni moja, kifua mpaka nyonga. Basi nikaivaa. Saa nne asubuhi, mbele ya kioo cha kabati. Nilitaka tu kuona joho linakaaje. Nikainua mkono wa kushoto kujaribu kwapa. Nikachomoa bastola ambayo sina. Nikasema, "Usisogee." Nilijipenda, sitadanganya.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maandazi.

Bakuli halikuanguka. Hayo huanguka kwenye tamthilia. Aliliweka mezani taratibu, akalifunika vizuri.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Barabarani, wifi."

"Mzima?"

"Mzima."

"Basi hiyo umeivalia nani?"

Nikasema ni ya mteja. Mteja gani? Nikaanza kuvua joho. "Mimi ni karani wa chama cha mazishi," kasema. "Hakuna anayekufa Galeshewe asipitie kwenye daftari langu. Wiki hii nina mabibi wawili na kapera mmoja. Niambie nani kaacha mjane."

Ningesema nini? Nikisema ni ya televisheni, nimesema yote. Tamthilia inayopigwa mji huu ni moja. Binti yangu yuko humo. Na mwanamke wa kifua hiki humo ndani ni mmoja tu. Kabla ya jioni Mjomba angekuwa ameshaituma kundini, chini ya mbuzi.

"Mimi nimeivaa mwaka mzima," Wifi kasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Watu walikuwa wananikwepa dukani. Unajua nguo hiyo ina uzito gani? Na wewe mume wako anapumua, unaijaribia kwenye kioo."

Kaondoka. Maandazi kayaacha. Nikasema sitayagusa. Nimekula mawili.

Ijumaa, 16 Agosti

Wifi kaitisha kikao. Kesho saa nne, kwa Mjomba, na nguo niende nayo.

Tshenolo kapiga. Kaambiwa tayari. "Mama Oarabile, ukinichoka sema tu. Usinishonee." Kacheka, lakini kacheka peke yake. Nilitamani kumwambia. Ila Tshenolo na siri ni kama lori na mzigo, kazi yake ni kufika aushushe. Nikamwambia aniamini. Akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Oarabile kalia jikoni. Kasema waambie, Mama, nitapata kazi nyingine. Wapi? Alikaa miaka miwili nyumbani na cheti chake, anamsaidia Seipati kupanga sabuni. Na jana wamemwambia msimu ujao watampandisha. Nimemwambia hakuna anayesema kitu. Watanila mbichi lakini sisemi.

Jumamosi, 17 Agosti

Kikao. Mjomba kwenye kiti chake, wazee wawili wa ukoo kando, Wifi kasimama. Oarabile kakaa chini karibu na mlango. Gauni limetandazwa mezani, limelala chali.

Wifi kaniendesha kama Inspekta mwenyewe. Kitambaa nilikipata lini? Nani alinipa? Kwa nini dirisha lilifungwa siku ya Jumatatu, jirani kaliona? Na Mjomba naye kanogewa. "Saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Mjomba."

"Una shahidi?"

"Ninaye. Ndiye huyo anayenishtaki."

Mzee mmoja kacheka, akajifanya anakohoa. Mjomba kauliza kama Tshenolo ana bima ya maisha. Nikasema ya mazishi tu, na karani wake ni Wifi. Wakaandika hilo. Sijui kwa nini waliliandika.

Kwa kila swali lililobaki nikajibu: hilo siwezi kulisema kwa sasa. Mara sita.

Wifi akachoka na maneno. Akalichukua gauni. "Tuone basi huyo mteja ana umbo gani." Akaligeuza ndani nje. Anajua kushona huyu, amenifundisha mimi pindo la kufichwa mwaka nilipoolewa. Vidole vyake vikapita kwapani kulia. Vikapita kwapani kushoto. Vikasimama. Akayapima makwapa mawili, moja juu ya jingine. Kisha akashuka kwenye bitana, akaukuta ule mfuko wa nyuma, akaingiza vidole viwili.

Akanitazama. Akamtazama Oarabile. Oarabile akatazama sakafu.

Mdomo wake ukafunguka. Mimi nikafumba macho. Nikasema moyoni, haya, mwanangu, kwa heri kazi.

Nikasikia kitambaa kikichakarika.

Nilipofumbua alikuwa analikunja gauni. Mikono kwanza, kisha joho, vile wanavyokunja wanaojua. Mjomba kasema, endelea karani. "Sina swali." Huna swali? Si wewe uliyetuita? "Nimechoka, Mjomba." Na macho yamejaa machozi. Wazee wakasema maskini, anamlilia kaka yake. Mimi tu na Oarabile tulijua anamlilia nani. Mwalimu wake.

Mjomba kakata shauri: mshtakiwa hajibu, mshtaki haulizi, kwa hiyo tunamngoja Tshenolo. Atafika Jumatatu ya tarehe mbili Septemba. Mpaka hapo nisitie mkono kwenye chungu cha familia. Na tarehe thelathini na moja, tukifunua jiwe la kaburi la baba mkwe, nikae na wageni.

Miaka ishirini na nne napika kwenye shughuli za ukoo huu. Nikae na wageni! Nimelia njia nzima, na sijali nani kaniona.

Jumapili, 18 Agosti

Wifi hakutabiri. Mara ya kwanza. Seipati kauliza, Kamishna mgonjwa?

Mimi nakosa raha. Atalikalia hili mpaka lini? Ni mwanamke yule yule aliyeshindwa kunyamaza juu ya mimba yangu mwenyewe, alimwambia Tshenolo kabla yangu. Na Seipati leo katangaza: atakayepatia sehemu ya mwisho, Septemba mosi, ndiye Kamishna wa maisha. Ameagiza kofia, yenye herufi za dhahabu. Wifi anaitaka kofia ile, namjua. Na sasa anachotakiwa kuandika ni maneno mawili tu.

Akiyaandika, Mjomba na wale wazee waliliona gauni. Si wajinga. Wataunganisha. Mjomba ataandika "KUMBE" kwa herufi kubwa, na mpwa wa Seipati ataipeleka kwenye ukurasa wa mashabiki, watu laki mbili humo.

Jumanne, 20 Agosti

Wamepiga picha. Oarabile anasema joho lililala sawasawa, na Inspekta alipotoka mlangoni amelivaa mafundi wa taa waliinamisha vichwa, bila kuambiwa. Nimefurahi kwa dakika moja hivi.

Tshenolo hajapiga simu tangu Ijumaa.

Jumapili, 25 Agosti

Inspekta kacheka! Kwa meno yote! Mwalimu kaangusha yai, wakacheka wote jikoni, lakini kamera ilikuwa juu yake yeye. Kundi limekufa. Kwa sheria ya Wifi, Inspekta anakwenda na maji Jumapili ijayo. Seipati kasimamisha picha akahesabu meno: kumi na mawili. Mjomba kasema ya chini hayaonekani, kwa hiyo haijakamilika. Wamebishana meno nusu saa.

Mimi nikamwona mwandishi alivyo mwerevu. Anajua tumemzoea. Kamera iko kwa mke, sisi tunamlilia mke, na mume yuko kando anafuta yai. Ningependa kulisema hilo kwa mtu. Lingenipa heshima.

Wote wanamngoja Wifi aseme. Kaandika: "Usiku mwema."

Jumamosi, 31 Agosti

Jiwe limefunuliwa. Limependeza. Upepo wa vumbi kidogo.

Nilikaa na wageni, chini ya turubai, mikono mapajani. Wanawake wa ukoo wanapita na masufuria wananitazama pembeni. Nikasikia mmoja anasema, ndiye huyo. Nikajifanya nasoma ratiba.

Halafu Wifi katoka jikoni na sahani. Kapita meza ya wazee. Kapita meza ya mchungaji. Kaja kuniwekea mimi kwanza, kwa mikono miwili, utumbo na maboga, kipande kile kinene ninachokipenda. Wanawake wakasimama na masufuria yao. Nimekula mpaka nikaramba vidole.

Tshenolo katuma ujumbe: yuko mpakani, foleni. Kesho kutwa. Hakuweka salamu.

Jumapili, 1 Septemba

Saa kumi na moja. Tumekaa na Oarabile, simu katikati yetu. Utabiri unaingia. Seipati: Inspekta anakufa, na anayemuua ni mumewe. Mjomba: Inspekta, ingawa meno hayakukamilika. Mimi nimeandika Inspekta. Nimejishangaa.

Watu kumi na wanne. Wote Inspekta. Hakuna hata mmoja aliyemfikiria Mwalimu kufa.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Juu ya simu: Gaolebale anaandika.

Kaacha.

Anaandika tena. Oarabile ananibana mkono. Kaacha. Seipati kamchokoza: Kamishna, kofia iko hapa, inakungoja wewe tu. Anaandika.

Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili, imeingia: "Hafi mtu. Inspekta na Mwalimu wanahamia Durban, wanafungua mgahawa."

Kundi zima limemcheka. Mgahawa! Seipati kasema Kamishna kazeeka. Mtu kaweka picha ya fimbo. Mjomba kaandika pole. Na Wifi, ambaye hajawahi kumwachia mtu hata ubishi wa bei ya nyanya, kajibu: "Haya."

Oarabile kaangua kilio. Mimi nimeusoma ujumbe ule mara nne. Nilimdhania vibaya wiki mbili nzima.

Saa mbili kasoro dakika tano. Wifi yuko hapa. Kaingia na shali yake, kaketi upande wangu wa kochi, kasema sogea, kana kwamba tulikuwa pamoja jana. Kuhusu kikao cha kesho hajasema. Sijui Tshenolo atashuka na uso gani, sijui Mjomba ataniuliza nini, na kwa karatasi niliyotia sahihi sijui nitaruhusiwa kufungua mdomo kuanzia saa ngapi. Sikumuuliza. Ameshashika leso, na hata tangazo la sabuni halijaisha.

Nimekuja jikoni kuchukua vikombe, naandika nimesimama. Kanifuata mpaka mlangoni. Oarabile asisikie. Kaniuliza polepole, bila kunitazama: "Anateseka sana?"

Nikamwambia, "Siwezi kusema, wifi."

"Vizuri," kasema. "Usiseme." Lakini hajaondoka hapo mlangoni, na muziki umeshaanza.